Yanayofukuliwa na bahari kule Orkney, na sisi wa Kilwa tujipange vipi

(Haya ni maongezi niliyotoa Kilwa Masoko mbele ya vijana wa boti, wazee wetu na walimu wachache. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema, nimeruka tu pale spika ilipozima.)

Assalaam alaykum jamani. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie watoto mliojazana hapo mlangoni marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimepewa nusu saa, afu mwenyekiti kaninong'oneza "usituchoshe", kwa hiyo tutaona. Wengi mnanijua, mimi ni wa hapa hapa, ila kwa sasa naishi Orkney, nafanya kazi ya kutunza wazee, wale ambao hawawezi tena kuoga wenyewe wala kujivalisha. Mtu ukimwambia Uskoti anadhani ni London ukisogea kidogo, hapana, unaenda kaskazini mpaka barabara inaisha, unapanda meli unavuka mkondo mmoja mbaya sana unaitwa Pentland Firth, ndo unakuta visiwa, viko kama 70 hivi na vyenye watu ni kama 20 tu, na watu wenyewe wote kwa pamoja ni kama 22,000. Miti ni ya kutafuta. Mwezi wa 12 jua linachomoza saa 3 asubuhi na saa 9 na robo alasiri limeshazama, na upepo wa kule, kusi letu hili mnalolilalamikia wao wangelianikia nguo.

Kwanza niwape kichekesho kimoja ndo tuingie kwenye mambo. Visiwa vile zamani vilikuwa vya Wanorway, vimekuwaje vya Uskoti? Ni harusi. Mwaka 1468 mfalme Christian wa Kwanza, wa Denmark na Norway, alikuwa anamuoza binti yake Margaret kwa James wa Tatu wa Uskoti, na kwa desturi yao upande wa mwanamke ndo unaotoa mali, sasa mzee hela hana, akaiweka Orkney rehani, mwaka uliofuata akaongeza na Shetland. Mpaka leo hajakomboa. (Watu wakacheka, mzee mmoja akasema huyo mkwe alikuwa na bahati.)

Sasa. Nilichokuja kusema ni habari ya bahari kula ardhi, na vitu vinavyotokea humo ndani ya ardhi ikiliwa, na nimeanza na kule kwa sababu wenzetu hawa wanaishi na hii shida muda mrefu, wameshakosea, wameshapatia, na sisi pale Kilwa Kisiwani, kwenye magofu yetu, tunayo hiyo hiyo.

Kuna ghuba inaitwa Skaill, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa, kutoka mjini Kirkwall ni kama kilomita 30. Pale pwani kulikuwa na kilima cha mchanga kimeota majani, watu wanapita, ng'ombe wanapita, hakuna anayejua kitu. Majira ya baridi ya mwaka 1850 ikapiga dhoruba kubwa, ikachuna yale majani na mchanga wa juu, kulipokucha watu wanaona kuta za mawe. Mwenye shamba, William Watt, akaanza kuchimba, mpaka 1868 alikuwa ameshafukua nyumba 4. Ndo Skara Brae hiyo. Mnaoweza kuingia mtandaoni mkifika nyumbani angalieni picha, yaani ni kijiji, nyumba zimebanana na vichochoro vya chini chini vya kupita katikati umeinama, na kila nyumba ina jiko katikati, vitanda vya mawe huku na huku, na ukiingia tu mlangoni uso kwa uso unakutana na kabati la mawe, lina shelfu, karibu kila nyumba. Ni nyumba zilezile ramani ileile. Kwa nini mawe? Kwa sababu mbao hawana, lakini jiwe la kule linapasuka bapa bapa lenyewe, unachonga kidogo umepata shelfu. Sakafuni wana vijisanduku vya mawe vimezibwa na udongo visivuje, inafikiriwa walikuwa wanawekea chambo cha kuvulia. Mitaro ya maji machafu wanayo. Miaka 5,000 iliyopita jamani, kabla ya zile piramidi za Giza kule Misri.

Na hilo la miaka halikujulikana siku moja. Alikuja mtaalamu mkubwa, Gordon Childe, akachimba kuanzia 1928 mpaka 1930, kazi nzuri tu, lakini akasema hiki kijiji ni cha juzi juzi, miaka kama 500 kabla ya Nabii Isa. Miaka ya 70 wakaja wengine wakachimba tena vipande ambavyo vilikuwa havijaguswa, wakapima mifupa na mabaki kwa kaboni, kipimo kinachoonyesha umri wa kitu, ndo ikaonekana watu walikaa pale kuanzia kama 3100 mpaka 2500 kabla ya Kristo. Mnaona hiyo? Iliwezekana kumsahihisha kwa sababu kulibaki kitu cha kupima. Kama bahari ingekuwa imeshamaliza, leo tungekuwa tunasoma tarehe ya Childe na hakuna wa kumbishia.

Na kilichobaki hasa ni jalala. Nisikilizeni hapa, maana wengi mnadhani watu wa mambo ya kale wanatafuta dhahabu. Zile nyumba zilijengwa katikati ya jalala la zamani, takataka za jikoni, mifupa, maganda ya konokono wa baharini, majivu, samadi, vimeshikamana vikawa udongo mzito, ndo unazuia baridi na ndo umeshikilia kuta zisianguke. Humo ndo unajua walikula nini, walifuga nini, walivua samaki gani. Ukuta wa mawe wimbi likiupiga unaweza ukastahimili kidogo, jalala halistahimili, linayeyuka, maji yanakuwa ya kahawia mara moja, basi, hakuna tena. Pale Kisiwani mkitembea ukingoni kile kiudongo cheusi chenye vigae na maganda ya kombe mnachokikanyaga ndo kitu chenyewe.

Ukuta sasa. Kila nikija nyumbani naulizwa, kwa nini serikali isijenge ukuta tukamaliza? Skara Brae wamejenga. Miaka ya 1920 dhoruba nyingine ilikuja ikabeba kipande cha nyumba moja, ndo serikali ikashtuka ikajenga ukuta wa kuzuia bahari, na kusema kweli bila ule ukuta pale leo kusingekuwa na kitu, watalii zaidi ya laki moja kwa mwaka waliokuwa wanaenda kabla ya korona wangekuwa wanaangalia mchanga. Siubezi. Ila nendeni mkasimame pale muone kinachotokea pembeni: ukuta umesimama, kulia na kushoto kwake ardhi inarudi nyuma, inarudi nyuma, kile kijiji kinabaki kimejitokeza kama jino lililobaki peke yake mdomoni. Nguvu ya wimbi haiishi kwa kukutana na ukuta, inahamia kwa jirani ambaye hana. Kila baada ya muda wanarudi kuukarabati, wanaongeza, wanaziba chini. Kwa hiyo ukuta unakununulia muda, na muda ni kitu kizuri, lakini huwezi kuzungushia ukuta visiwa 70. Maeneo ya kale kule ni maelfu na mengi yako pwani, kwa sababu watu siku zote wamependa kukaa karibu na boti zao, kama sisi.

Yaani wao wamelazimika kuchagua. Hili tuliokoe, hili tulichimbe haraka tuandike kila kitu, hili tuliache liende. Ni maamuzi magumu na nawaheshimu kwa kuyasema wazi, badala ya kujifanya kila kitu kitaokolewa.

Niwape mfano wa lile la kuchimba haraka. Kisiwa cha Rousay, mahali panaitwa Swandro. Ufukwe ni wa mawe ya mviringo makubwa makubwa, huwezi hata kutembea vizuri, na mabaki yapo chini ya hayo mawe na nyuma yake kwenye ukingo. Watu wa Chuo Kikuu cha Bradford wamechimba pale kuanzia 2010 wakishirikiana na wenyeji, kila kiangazi wanafunua wanachimba, baridi ikikaribia wanafunika. Mwanzoni ilionekana ni kilima tu cha kawaida, kumbe kuna kaburi la mawe la zamani sana, juu yake majumba ya duara ya zama za chuma, juu tena watu wa baadae, waliokaa pale mpaka Wanorway wakaja. Na bahari haipigi kwa mbele tu, kila maji yakijaa yanapenya chini kwa chini kwenye yale mawe, yakipwa yanaondoka na udongo, kwa hiyo unaweza ukaona juu pamesimama vizuri kumbe chini pameshakuwa patupu.

Sasa walichopata humo ndo nilichotaka kuwaambia tangu asubuhi. Kuna kijumba kimoja kilikuwa karakana ya mfua shaba, mwaka kama 500 na kitu mpaka 800 na kitu hivi baada ya Kristo, kimezama nusu chini ya ardhi, unashuka ngazi, na ndani wamekifanya kuwe na giza makusudi. Giza la nini? Mafundi wa hapa mnajua, chuma au shaba ukiipasha moto unaisoma kwa rangi, na kwenye mwanga ile rangi huioni vizuri. Ndani kulikuwa na jiwe kubwa la kufulia shaba. Walipolinyanyua na kulisafisha wakakuta alama nyeusi za masizi, alama za viganja na alama za magoti. Jamaa alikuwa anapiga magoti pale anaegemea kwa mikono, siku nenda siku rudi, mikono imejaa masizi, jasho, mafuta, mpaka jiwe likashika. Habari ilitoka 2018. Mimi niliisoma kazini usiku, nikaangalia viganja vyangu. Sio mfalme huyo, jina lake hakuna anayelijua, fundi tu. Na kama wangesema tusubiri bajeti ya mwaka ule au ule, jiwe lingekuwa limeshaviringishwa huko baharini pamoja na yale mengine, na masizi yangeoshwa kwa wimbi moja.

Kuna na kisiwa cha Westray, huko sio wimbi peke yake, ni upepo. Sehemu inaitwa Links of Noltland, vilima vya mchanga, majani yalipotoka, na sungura nao wanachimba mashimo yao, upepo ukaanza kupeperusha mchanga mpaka vikatokea vijumba, sio kimoja sio viwili. Ndani ya ukuta wa nyumba moja walikuta mafuvu ya ng'ombe 28 yamepangwa kwenye msingi. Mafuvu 28! Fikiria hizo ng'ombe ni mali ya nani. Na mwaka 2009 wakapata kisanamu cha jiwe, urefu kama sentimita 4, kidogo kinakaa hapa kwenye kiganja, kimechorwa macho mawili na nyusi, ni katika sura za zamani kabisa za mtu kuwahi kupatikana Uskoti. Wenyeji wanacho kwenye makumbusho yao ya kijiji, hakijafungiwa Edinburgh, na hilo mimi nalipenda, kisiwa cha watu kama 600 na kina makumbusho yake na watu wanashika zamu kuyafungua. Jirani yake kuna Papa Westray, kati ya visiwa hivi viwili ndo kuna ile ndege ya dakika 2, inapaa inatua, wanasema ndo safari ya ndege ya ratiba fupi kuliko zote duniani, na pale ukingoni kabisa mwa bahari kuna nyumba mbili za mawe, Knap of Howar, za tangu kama 3700 kabla ya Kristo, bado zina milango. Zilipojengwa bahari ilikuwa mbali. Sa hivi unatoka mlangoni uko pwani.

Haya, nani anayaona haya mambo wa kwanza? Sio wataalamu. Wataalamu wako mjini na wana ratiba. Anayeona ni mkulima, ni mvuvi, ni mama anayetembeza mbwa. Kuna mzee mmoja nilikuwa namhudumia, siwezi kumtaja, miguu ilikuwa bado inamruhusu, dhoruba ikishatulia tu anataka fimbo yake na koti, anaenda kuangalia pwani, mimi nyuma yake nalalamika baridi. Anajua kila jiwe. Ananiambia hili halikuwepo, hapa pamemeguka, huu ni ukuta huu angalia umenyooka. Nilimuona mkorofi mwanzoni, baadae nikagundua huyu ndo mlinzi.

Mwaka 1985 kwenye kisiwa cha Sanday mkulima aliokota kitu kwenye ukingo uliomeguka, mahali panaitwa Scar, na mwaka 1991 ikajulikana kuna kaburi la Waviking, wale Wanorway wa zamani, boti ya mita 6 na nusu hivi, mbao zimeshaoza zimebaki misumari ya chuma kwa mamia imejipanga kwa umbo la boti, ndani kuna mwanaume, bibi mtu mzima sana, na mtoto. Wamezikwa pamoja na upanga, mishale, kitana, na ubao mzuri ajabu wa mfupa wa nyangumi umechongwa vichwa vya majoka. Walichimba kwa haraka mwisho wa mwaka ule, kwenye baridi na dhoruba, kwa sababu kusubiri kiangazi ingekuwa hakuna cha kuchimba. Na upande mmoja wa boti bahari ilikuwa imeshakula, pamoja na mifupa. Hicho kipande hakuna atakayekiona tena.

Hapo ndo naomba mnielewe vizuri, maana redioni utasikia "ugunduzi mkubwa, dhoruba yafichua", watu wanapiga makofi. Wimbi lililokuonyesha ndo hilo hilo lililobeba nusu, na linalokuja linabeba iliyobaki. Ukiona kitu cha kale kimetokeza ukingoni, ujue umekuja kwa kuchelewa, swali ni umechelewa kiasi gani.

Hapo hapo Sanday, dhoruba ya Januari 2005 ilifunua ufukweni, sehemu inaitwa Meur, mahali pa zamani pa kuchemshia maji, kuna shimo la maji limejengwa kwa mawe, na mawe ya kuunguza motoni, ya zama za shaba. Likaandikwa, likachorwa, likafukiwa, bahari ikaendelea. Wenyeji wakasema hapana, mwaka 2014 wakalibomoa jiwe kwa jiwe, kila jiwe na namba yake, wakalijenga upya kwenye makumbusho yao. Walisaidiwa na wataalamu wa taasisi moja ya St Andrews inaitwa SCAPE, hawa ndo wamefundisha watu wa kawaida Uskoti nzima kukagua pwani zao na kutuma picha kwa programu ya simu. Simu hizi hizi.

Makaburi nayo. Najua hili linagusa. Kule Deerness, mahali panaitwa Newark, kulikuwa na kanisa dogo na makaburi ya watu wa zamani, na ukingo ukimeguka mifupa inatokeza. Wenyeji wamepanga viroba vya mchanga. Sio ukuta wa mabilioni, viroba, wanajua vitaoza, lakini wamesema hatuwaachi wakaenda baharini hivi hivi tunaangalia. Na sheria ya kule ukikuta mfupa wa mtu husogezi, unapiga simu polisi kwanza. Sisi hapa tuna makaburi mangapi karibu na maji? Mzee wangu pale anatikisa kichwa, anajua.

Tuje nyumbani sasa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, wale wa Paris, mwaka 1981. Mwaka 2004 zikaingizwa kwenye ile orodha nyingine, ya zilizo hatarini, na moja ya sababu ni bahari, Gereza, ile ngome ya zamani, na kuta za Makutani, lile jumba la masultani, ziko mdomoni mwa maji. Kazi ikafanyika, kuta zikatengenezwa, mikoko ikapandwa, wengine wenu humu mliipanda kwa mikono yenu, na 2014 tukatolewa kwenye hatari. Nilifurahi sana siku ile. Ila nilichoogopa ndo nakiona, watu tumesikia "imetoka hatarini" tukadhani bahari nayo imeandikiwa barua ikaambiwa. Mikoko ya kupanda mtu anakata boriti usiku, mchanga tunachota tunajengea. Matumbawe na chokaa yetu sio lile jiwe bapa la Orkney, chumvi inaingia ndani inakula taratibu, huoni mpaka idondoke.

Na msidhani nawalinganisha na Orkney kwa sababu tu ndo ninakoishi. Kuna njia ya kupima hatari ya tabianchi kwenye maeneo ya urithi, ilibuniwa na watafiti wa Australia, eneo la kwanza la utamaduni kupimwa kwa njia hiyo duniani ilikuwa Orkney, hayo hayo mawe ya Skara Brae na wenzake, mwaka 2019, majibu yakaja kwamba hatari ni kubwa sana. Na ilipoletwa Afrika kwa majaribio yalichaguliwa maeneo mawili, Sukur ya Nigeria, na hapa kwetu, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kwa hiyo kwenye makaratasi ya wakubwa sisi na wao tumeshakaa meza moja.

Na mfano wa kutisha tunao jirani. Mafia, Ras Kisimani, kulikuwa na mji wa zamani mkubwa tu, sehemu kubwa imeliwa na bahari, kilichojulikana ni kile kilichowahiwa kuchimbwa miaka ya 60 na vile vinavyookotwa ufukweni.

Sasa tufanye nini sisi ambao hatuna hela ya ukuta? Mnisikilize vijana wa boti hasa. Bamvua ikipita, kusi likipiga siku mbili tatu, mkiwa mnapita pale chini kwenye ukingo piga picha. Moja ya karibu, weka hata ndala pembeni tujue ukubwa, na moja ya mbali yenye Gereza au mbuyu au kitu kisichohama ili mtu mwingine ajue ni wapi. Washa lokesheni. Afu bamvua nyingine rudi pale pale, simama pale pale, piga tena. Mwalimu hapa anaweza akapanga hizo picha kwa tarehe, baada ya mwaka una kitu ambacho hakuna profesa anaweza kukiunda kutoka Dar, kwa sababu hawezi kurudi nyuma kupiga picha ya ukingo ambao haupo. Usichimbe. Najua kishawishi kipo, unaona kigae kizuri cha kichina kinaning'inia, ukikivuta unaondoka na kigae unaacha habari zake, na Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, toeni taarifa pale ofisi ya mambo ya kale. Ukiona mfupa, funika, ita wazee, ita ofisi.

Kijana hapa kauliza, kuna ubaya gani kuokota sarafu, si ingebebwa na maji? Swali zuri. Nikujibu kwa sarafu za Kilwa zenyewe. Mwaka 1944 wakati wa vita kuu ya pili, askari mmoja wa Australia anaitwa Maurie Isenberg alikuwa zamu ya rada visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao, akaokota sarafu kwenye mchanga. Akaziweka kwenye kopo miaka na miaka, 1979 ndo akazipeleka zitazamwe, 5 zikaonekana ni za Kilwa! Za kwetu, upande wa pili wa bahari ya Hindi. Na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Kwa nini wanaweza kubishana? Kwa sababu kulikuwa na ramani yenye alama ya X pale alipoziokota. Bila ile X zingekuwa shaba kuukuu, mtu angesema kanunua Mombasa. Ile X ndo nawaomba nyie, na nyie mnaiweka kwa simu, bure.

Mzee akauliza kuhusu ukuta tena, kwamba nimeukwepa. Sijaukwepa mzee wangu, shikamoo tena. Gereza liwekewe ukuta na utunzwe, naunga mkono. Kisiwa kizima hapana, hakuna hela hiyo na mkoko unafanya kazi nzuri kwa bei ya jasho, ila mkoko unataka mtu wa kuulinda akiwa bado kimche, na huyo hatatoka Paris.

Haya, mwenyekiti kanikazia macho. Mimi niko likizo bado, bamvua ya mwezi mpya tutakuwepo, anayetaka tukutane bandarini maji yakianza kupwa, tunavuka Kisiwani tunaanzia Gereza kuelekea Makutani tunapiga picha ukingo wote. Mje na simu zenye chaji na viatu vya kukanyagia mawe. Mwenye boti kasema mafuta tuchangie, kwa hiyo na hela ndogo ndogo, asije mtu mikono mitupu halafu akaniangalia mimi kwa kuwa natoka Ulaya.